Sahani ya Mtoto

Wasikilizaji mlioko Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani, na ng'ambo ya mto kule Lubunga, pamoja nanyi mnaotusikiliza kutoka Yangambi, Isangi na Ubundu, najua saa hii wengi wenu mko karibu na moto. Mbabula imewashwa, makala yameanza kushika, na katika ua wa jirani kuna mtu anatwanga. Leo nataka tuzungumze juu ya chakula cha nyumbani katika familia zenye watoto wadogo: kinapikwaje, kinaiva saa ngapi, na kikishaiva kinamfikia nani.

Nianze na sifa, kwa sababu chakula chetu kinazistahili. Mtu akitoka mbali akafika mji huu wa Kisangani, chakula atakachokikumbuka ni lituma. Ndizi za kupika, makemba, zinachemshwa, zinatiwa kwenye kinu zikiwa bado moto, zinatwangwa mpaka zishikamane na kuwa kitu kimoja kizito, laini, chenye utamu wa mbali. Wengine huchanganya ndizi mbichi na iliyoanza kuiva, wengine huongeza muhogo uliochemshwa. Kila nyumba ina kipimo chake na kila nyumba inaamini kipimo chake ndicho. Lituma hailiwi peke yake. Inataka sombe, yaani majani ya muhogo, au maharagwe, au samaki wa liboke, yule aliyefungwa kwenye majani ya mangongo pamoja na kitunguu, chumvi na pilipili, akawekwa juu ya makala mpaka jani likauke na harufu yake iingie kwenye nyama.

Na samaki tunao. Wagenya wanaendelea kuvua kwenye maporomoko ya maji kwa mitego yao mikubwa ya kusukwa, inayoning'inizwa kwenye magogo yaliyosimikwa kati ya miamba. Walokele wanateremka na kupanda mto na mitumbwi yao, wakileta mboto, mbenga, ngolo, na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Wali nao una historia yake hapa. Uliingia na Waswahili na Waarabu wa enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, watu walewale walioleta lugha ninayozungumza nanyi sasa, na tangu siku hizo mpunga unalimwa pande zetu kana kwamba ulizaliwa hapa. Ongeza mosaka ya chikichi. Ongeza mbika za kufungwa kwenye majani, karanga, uyoga wa msituni, viwavi vya msimu na mpose wanaotolewa kwenye shina la mchikichi. Nataja haya yote makusudi. Mtu akituambia kwamba watu wa jimbo la Tshopo hawana cha kula, hajafika sokoni kwetu asubuhi.

Lakini kuna jambo linaniumiza, na ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2017 na 2018, uliofanywa na Taasisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na UNICEF, ulipima watoto wa Kongo walio chini ya miaka mitano. Ulikuta watoto 42 katika kila 100 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu kwa muda mrefu mwili haukupata ulichohitaji. Uchunguzi mwingine wa 2013 na 2014 ulikuta 43. Kwa miaka yote hiyo, hesabu ilisogea kwa mtoto mmoja tu katika 100. Tukiwa na mto huu, na msitu huu!

Sababu ni nyingi, sitazificha. Malaria inakula damu ya mtoto. Kuhara kunamtoa kile alichokula. Vita vilitunyang'anya mashamba na mifugo, na wazazi wengi wa leo walikuwa watoto wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu Juni 2000. Mishahara hailipwi, barabara zimekufa. Hayo yote ni kweli na yana watu wanaopaswa kuyajibu. Ila mimi leo nimechagua sehemu iliyo mikononi mwetu sisi wenyewe, ile safari fupi ya chakula kutoka sufuriani hadi mdomoni mwa mtoto. Naamini kwa dhati kwamba katika nyumba zetu nyingi sufuria ni tajiri kuliko sahani ya mtoto.

Tuanze na saa. Katika familia nyingi za mji huu chakula cha kweli ni kimoja kwa siku, nacho huiva jioni. Mama ametoka alfajiri kwenda shambani ng'ambo, au sokoni kuuza. Anarudi saa tisa, saa kumi. Ndipo sombe inachambuliwa, inatwangwa, inachemshwa. Na sombe haina haraka. Inataka kuchemka muda mrefu kabla ya kuwekewa mafuta ya mawese, bilinganya na samaki mkavu. Inapoiva ni saa moja usiku, pengine saa mbili. Mtu mzima anavumilia. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu amelala zamani, machozi yamemkaukia usoni. Anaamshwa, anatiwa matonge mawili mdomoni huku anasinzia, anarudi kulala. Kesho yake anasubiri tena mpaka jioni, na katikati amepewa mkate wa kukaangwa na chai.

Tumbo la mtoto ni dogo. Haliwezi kuweka akiba ya siku nzima kwa kula mara moja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, kisha aanze chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 na zaidi. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 apewe chakula mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9, mara 3 au 4. Mama anayenisikiliza atasema: papa wa redio, hizo mara 4 nitazitoa wapi? Namwelewa, na nitarudi kwake. Lakini kwanza niseme kwamba mara 4 si sufuria 4. Kipande cha lituma kilichobaki jana, kikipondwa na mchuzi wa samaki, ni chakula. Ndizi iliyoiva na karanga zilizosagwa ni chakula. Parachichi la faranga chache, kwa mtoto anayeanza kutafuna, ni chakula kuliko biskuti ya dukani inayong'aa kwenye karatasi yake.

Sasa niingie penye uzito, yaani kugawa.

Mnajua tunavyogawa. Chakula kikiiva, cha papa kinatengwa kwanza, kwenye sahani yenye mfuniko. Kipande kikubwa cha samaki ni chake, kichwa ni chake. Kuku akichinjwa, firigisi ni yake, na mtoto anayeidokoa anajua kitakachompata. Kisha wavulana wakubwa na wageni. Mwishoni mama anakaa na wadogo kuzunguka sinia moja, kuna fufu nyingi, kuna sombe, na samaki amebaki harufu na miiba. Katika sinia hiyo mwenye mkono mwepesi ndiye anayeshiba. Mtoto wa miaka minne anakula haraka. Wa miaka miwili bado anapuliza tonge lake lipoe, na akiinua macho sinia imekwisha. Hakuna aliyemnyima. Mama mwenyewe hajui mtoto huyu amekula kiasi gani, kwa sababu ndani ya sinia ya pamoja hakuna anayeweza kujua.

Mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu kuna ugonjwa unaotuonyesha gharama ya jambo hili waziwazi. Unaitwa konzo. Daktari Trolli aliuandika mara ya kwanza mwaka 1938, akiueleza kutoka Kwango, upande wa kusini-magharibi mwa nchi yetu. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Unatokana na muhogo mchungu usiotayarishwa vya kutosha. Muhogo huo una sumu, na dawa yake ndiyo ile waliyoijua bibi zetu: kuulowesha majini siku tatu au zaidi, kuumenya, kuukausha vizuri juani. Majani yake nayo yanatwangwa na kuchemshwa sana, na hiyo ndiyo maana ya kazi ndefu ya sombe. Kinu kile kinavunja jani ili sumu itoke. Anayefupisha kulowesha kwa sababu mnunuzi anasubiri unga, anacheza na miguu ya watoto wa watu.

Lakini kuna sehemu ya pili ambayo haisemwi sana. Sumu kidogo inayobaki, mwili wenyewe huiondoa, na ili kuiondoa unahitaji salfa inayopatikana kwenye protini nzuri: samaki, nyama, mayai, wadudu. Asiyepata vitu hivyo anabaki bila kinga. Na konzo hushambulia nani zaidi? Watoto, na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wale wanaokaa kwenye sinia ya mwisho, ambayo samaki wake amekwisha.

Sisemi kwamba konzo imejaa Kisangani. Hapa tuna bahati ya ndizi na mchele, hatutegemei muhogo peke yake kama wenzetu wa Kwango. Nasema tu kwamba fufu peke yake karibu yote ni wanga, inajaza tumbo na haijengi mwili. Yule mtoto wa kwashi, yaani kwashiorkor, mnayemwona hospitalini, nywele zimekuwa nyekundu, miguu imevimba, mara nyingi hakutoka katika nyumba isiyo na fufu. Alikula fufu kila siku.

Papa, najua unanisikiliza huku umekunja uso. Heshima ya baba ni kitu kikubwa, sikuja kuivunja. Aliyeamka saa kumi usiku kupakia makala kwenye baiskeli ya toleka na kuyasukuma kutoka kilomita nyingi anastahili kula vizuri. Lakini fikiria heshima hiyo ilivyokuwa zamani katika nyumba nyingi: papa anakaa, mtoto mdogo anaitwa, anakaa kando ya goti lake, na papa anamega samaki anamtilia mkononi. Wengi wetu tulipata kipande chetu cha kwanza cha nyama kwa njia hiyo. Tulipohamia kwenye vyumba vya kupanga, kila mtu akirudi kwa saa yake, mfuniko wa sahani ukabaki, goti likaondoka.

Na kuna desturi nyingine nzuri zaidi, ambayo nimeiona Kabondo kwa bibi mmoja wa Kilokele. Watoto wote wa ua ule wanamwita koko. Akiepua sufuria ya samaki, hamwiti mtu. Anageukia ukuta, anatoa kipande, anakichambua miiba kwa vidole taratibu, anakiponda pamoja na ndizi na mchuzi kwenye kibakuli cha bati, anamlisha mjukuu mdogo kuliko wote mpaka akatae mwenyewe. Ndipo anapaza sauti kwamba chakula tayari. Nilimuuliza alijifunza hayo kliniki gani. Akashangaa swali lenyewe, akasema hivyo ndivyo walivyolishwa wao kijijini, mtoni. Kwa hiyo anayesema kwamba kumtengea mtoto ni desturi ya wageni, aje Kabondo aongee na koko.

Kuhusu mayai sitakaa sana. Tumesikia wote kwamba mtoto akizoea mayai atakuwa mwizi. Miiko mingine ya wazee wetu ilikuwa na akili, ilihifadhi wanyama, ilipanga nani ale nini ili watu wasigombane. Huu wa mayai umetugharimu. Kuku anataga uani kwako, yai linauzwa ili kununua sukari na biskuti, na mtoto anakunywa chai ya rangi. Mpe mtoto yai.

Nitakaa kidogo kwenye viwavi, kwa sababu watoto wetu wa mjini wameanza kuvionea haya. Mtoto anarudi shuleni anasema hicho ni chakula cha kijijini, yeye anataka soseji. Ndugu zangu, viwavi vilivyokaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na vina madini ya chuma ambayo damu ya mtoto aliyetoka kuugua malaria inayatafuta. Vikija sokoni msimu ule wa kati ya Julai na Septemba, nunua zaidi ya vile mtakavyokula siku hiyo. Kaanga kikavu, twanga, chekecha, weka unga wake kwenye chupa yenye kifuniko. Kijiko kimoja ndani ya uji wa mahindi au wa mchele, pamoja na karanga zilizosagwa, kinaubadilisha uji ule kabisa, wala mtoto hataona mguu wa kiwavi akaukataa. Samaki mdogo mkavu anatwangwa hivyohivyo. Na tukumbuke vinakotoka. Mmoja wa miti inayopendwa na viwavi hivi ni sapeli, mti uleule unaopendwa na makampuni ya mbao. Kila sapeli kubwa inayoangushwa na kupelekwa Ulaya au Asia inaondoka na vikapu vya viwavi vya misimu yote ambayo ingeendelea kusimama. Anayesaini mkataba wa msitu kwa niaba ya kijiji alihesabu hilo pia?

Mawese nayo. Kilomita kama 100 kutoka hapa tukiteremka mto, pale Yangambi, watafiti wa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya enzi za ukoloni, walifanya kazi iliyobadilisha kilimo cha mchikichi duniani. Beirnaert na Vanderweyen walionyesha mwaka 1941 kwamba mchikichi wa ganda nene ukizalishwa na ule usio na ganda unapatikana mchikichi wa ganda jembamba na nyama nyingi, wenye mafuta zaidi. Mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia yanasimama juu ya ujuzi huo. Utajiri huo ulitoka katika jimbo letu, na rangi nyekundu ya mafuta yale ndiyo inayompa mtoto vitamini A, ya macho na ya kupigana na magonjwa. Sasa tunafanya nini? Tunayachoma kwenye sufuria mpaka yawe meupe, kwa sababu meupe yanafanana na ya dukani, na ile rangi tuliyoichoma ndiyo iliyokuwa na faida. Kwa mtoto, tia kijiko kidogo cha mawese mekundu juu ya chakula chake kikishaiva. Haihitaji zaidi.

Sasa narudi kwa mama niliyemwahidi, yule aliyeuliza mara 4 atazitoa wapi. Dada yangu, una haki. Mwenye kuelezwa haya yote kila siku kliniki ni wewe, na mwenye kuyabeba ni wewe: maji, makala ambayo bei yake inapanda, kinu, mtoto mgongoni. Mtu akikuambia uongeze kazi bila kukuambia nani atakupunguzia nyingine, hajakusaidia. Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho si kwako peke yako.

Yanakwenda kwa kijana wa miaka kumi na minne anayecheza mpira huku dada yake wa miaka tisa anatwanga. Mchi hauna jinsia. Mikono yako ina nguvu kuliko yake, na sombe ikitwangwa saa tisa na mikono miwili zaidi, inaiva kabla mdogo wako hajalala. Yanakwenda kwa papa aliye nyumbani mchana kwa sababu kazi imekwisha. Kuwasha mbabula na kupondea mtoto ndizi hakumwondolei mtu ubaba wake. Na watoto wadogo nao wawe karibu, wakae kwenye kigoda, wachambue majani, wafunge liboke hata kama la kwao litafumuka motoni. Mtoto aliyefunga liboke kwa mkono wake atalila, na akiwa mkubwa atajua kulipika. Lituma tunayoisifu leo ilitufikia kwa njia hiyo, na katika nyumba ambazo watoto wanafukuzwa jikoni itaishia kwa mama aliye hai sasa.

Wasikilizaji, sikuwaomba mnunue kitu kipya. Samaki ni yuleyule, mawese ni yaleyale. Naomba kitu kimoja leo hii jioni. Kabla ya kufunika sahani ya papa, kabla ya kujaza sinia, chukua kibakuli. Kiwe cha yule mdogo kuliko wote, kiwe chake peke yake. Tia samaki asiye na miiba, tia sombe na mchuzi wake, tia lituma kidogo, kijiko cha mawese, na mmoja wenu akae naye mpaka amalize. Papa, ukiwa nyumbani, mmoja huyo awe wewe.